Maswali na majibu: Nguzo ya simu iliyogeuzwa bundi

Safari iliyopita nilizungumzia Oregon, jimbo la magharibi mwa Marekani, na majengo yaliyojengwa huko miaka ya 1930 ili wasio na kazi wapate chochote cha kupeleka nyumbani. Maswali yamekuwa mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

*Mwandishi, ulitaja WPA, PWA na CCC nikapotea njia. Si kitu kimoja hicho?*

Ni mipango ya serikali ya Marekani ya kuwapa watu kazi, watoto wa baba mmoja, Rais Franklin Roosevelt, ila kila mmoja na tabia yake. CCC ilianza 1933 ikachukua vijana wa kiume, ikawapeleka kambini msituni kupanda miti, kuzima moto na kuchonga njia. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilikwenda kwa wazazi wake kabla hajazigusa. PWA, ya mwaka huohuo, ilitoa fedha kwa miradi mikubwa iliyofanywa na makandarasi. WPA ilikuja 1935, nayo iliwaajiri watu moja kwa moja kutoka orodha ya wanaopokea msaada. Kwa hiyo ukikuta daraja kubwa la enzi hiyo, anza kudhani PWA. Ukikuta ngazi za mawe katikati ya msitu, fikiria CCC.

*Kaka, ni kweli hoteli ya Timberline ilijengwa kwa takataka? Shemeji yangu anayeishi Portland ananiambia hivyo, nami namwona mwongo.*

Mwombe radhi shemeji. Kuta ni mawe na mbao za maana kabisa, lakini ukiingia ndani utaokota takataka kila kona.

Hoteli hiyo iko kwenye Mlima Hood, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. WPA ilianza kuijenga katikati ya 1936, na Roosevelt akaizindua tarehe 28 Septemba 1937, siku moja na bwawa la umeme la Bonneville kule chini kwenye Mto Columbia. Fedha za WPA zilikusudiwa kuishia mifukoni mwa wafanyakazi, si dukani, kwa hiyo bajeti ya vifaa ilikuwa ndogo na ya mikono ilikuwa kubwa. Margery Hoffman Smith, aliyesimamia mapambo ya ndani, ikabidi apike kwa alichokikuta jikoni.

Wahunzi wakachukua reli chakavu za treni, wakazipasha moto na kuzipinda kuwa vyuma vya kuegemeza magogo mekoni. Minyororo ya kufunga kwenye matairi wakati wa theluji ikawa pazia la kuzuia cheche. Sare na mablanketi mabovu ya vijana wa CCC yalikatwa vipande vyembamba, na wanawake wakavisokota kuwa mazulia ya vyumbani. Na nguzo kuukuu za simu, za mwerezi, zikasimamishwa kwenye ngazi, vichwa vyake vikachongwa wanyama: dubu, buku wa mtoni, bundi. Bibi yangu asingepanda ngazi yenye bundi hata kwa fimbo, lakini wageni wa Timberline humpapasa kichwa wakipita, na mbao imelainika kama mpini wa jembe la zamani.

Mimi nasema hivi: kama wangepewa fedha za kununua kila kitu, leo tungekuwa na hoteli ya kawaida tu mlimani.

Hata hivyo, hoteli hiyo haikuwa na raha muda wote. Baada ya Vita Vikuu vya Pili iliendeshwa ovyo, na mwaka 1955 ikafungwa huku umeme umekatwa kwa deni. Ilifunguliwa tena mwaka huohuo chini ya mwendeshaji mpya, Richard Kohnstamm, na hadi leo inapokea wageni.

*Walilipwa kiasi gani? Nimesikia wengi walikuwa wanaegemea sepetu tu.*

Pale Timberline fundi mwashi alipata senti 90 kwa saa, kibarua asiye na ufundi senti 55. Maneno ya sepetu ni ya tangu wakati huo. Wapinzani walizitafsiri herufi WPA kuwa "We Poke Along", yaani "tunajikokota", na wachora katuni wakapata mlo wa miaka. Wavivu walikuwepo, kama walivyo kila penye kazi. Lakini watu hao walijenga hoteli nzima mlimani kwa miezi 15 hivi, na theluji ya huko haiombi hodi. Jaribu kumpata fundi wa kukujengea banda la kuku kwa muda huo.

*Nilipita barabara ya pwani ya Oregon nikaona madaraja ya zege mazuri ajabu, ila la Waldport linaonekana la juzi. Kulikoni?*

Una jicho. Mhandisi ni Conde McCullough. Kabla yake, msafiri wa pwani alisubiri feri kwenye kila hori. Kwa fedha za PWA akajenga madaraja matano makubwa: Newport, Waldport, Florence, Reedsport na North Bend, na 1936 yote yalikuwa wazi. La North Bend, linalovuka hori la Coos, lina urefu unaopita kilomita moja na nusu, na tangu 1947, mwaka mmoja baada ya kifo chake, linaitwa kwa jina lake.

Adui ni chumvi. Hupenya kwenye zege hadi kwenye nondo, nondo hupata kutu na kuvimba, zege linapasuka. La Waldport lilishindikana, likajengwa jipya mwaka 1991. La Newport lilipakwa zinki juu ya zege na kupitishiwa mkondo mdogo wa umeme, ili zinki iliwe na chuma kipone. Wavuvi wetu wanaofunga kipande cha zinki kwenye ngalawa ya injini wataelewa mara moja.

*Na sisi weusi tulikuwa wapi katika hayo?*

Pembeni, kwa sehemu kubwa. Katiba ya Oregon ilikataza weusi kuhamia jimboni, na kifungu hicho kilifutwa 1926 tu, hivyo mwaka 1930 walihesabiwa karibu 2,200 katika jimbo zima. Sheria ya CCC ilipiga marufuku ubaguzi kwa maandishi, kwa juhudi za Oscar De Priest, mbunge mweusi wa Chicago. Kwa vitendo, tangu 1935 kambi zilitenganishwa kwa rangi nchi nzima. Vijana weusi wapatao 200,000 walipitia CCC hata hivyo. Ukiona picha za zamani zenye nyuso nyeupe tupu, usidhani wengine hawakutaka kazi.

*Dada yangu yuko Salem, nitamtembelea na watoto wawili. Tuna siku moja tu. Twende wapi?*

Nendeni Silver Falls, hifadhi yenye maporomoko ya maji, si mbali na hapo. Vijana wa CCC walijenga nyumba ya mawe ya kupumzikia karibu na poromoko la kusini, na njia inayopita nyuma ya maji yenyewe, mita 54 yakianguka mbele ya uso wako. Watoto wavae viatu visivyoteleza, na simu ifungeni kwenye mfuko wa nailoni.