Kabla ya kufungua karatasi ya haiba

Nilipokaa kwa mara ya kwanza kwenye jopo la kuteua maafisa wanafunzi wa jeshi, nilianza kusoma majalada kwa karatasi ya kipimo cha haiba, yaani hojaji ambayo mtu hujibu kuhusu hulka yake, kosa ambalo ningemsihi mpimaji yeyote aliepuke. Kijana mmoja alikuwa na alama za chini kabisa za uchangamfu, nami nilikuwa nimeshamkataa moyoni kabla hajabisha hodi. Kesho yake kundi lao lilipewa mapipa, mbao mbili na kamba livuke shimo, bila kuteuliwa kiongozi. Wenzake walipokuwa wakizidiana sauti, yeye aliinama, akaipima kamba kwa mikono, akasema kwa utulivu kwamba haitafika, na kwamba mbao zifungwe pamoja kwanza. Wakamsikiliza. Asubuhi nzima alikuwa amezungumza mara mbili.

Zoezi la kundi lisilo na kiongozi lilitumiwa na bodi za uteuzi za jeshi la Uingereza tangu 1942, sambamba na usaili na vipimo vya maandishi. Hojaji zina asili tofauti: ile ya Robert Woodworth, iliyotungwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikusudiwa kuwabaini askari ambao akili zao zingeelemewa na vita, wala si kumtafuta kiongozi. Ndiyo maana hunishangaza kuona vipimo vilivyotungwa kwa ajili ya wagonjwa vikitumiwa kuwapanga watu wazima wa afya kwa daraja.

Ushauri wangu ni kwamba umwone mtu kwanza, kisha uisome karatasi yake ili ikupe maswali ya usaili. Mwombaji mmoja alikubali kila sentensi ya mtego, zile zinazowekwa kuwanasa wanaojipamba, ikiwemo ile ya kwamba hajawahi kumkasirikia mtu yeyote. Badala ya kumwita mwongo, nilimwomba anisimulie ugomvi wake wa mwisho, naye akatabasamu, akaeleza kwa unyoofu jinsi alivyomkemea mdogo wake bila sababu. Alikuwa amejibu alichodhani tunakitaka.

Kwa afisa aliyekwisha kuvaa nyota, hojaji ya kujieleza inayoamua cheo haina uzito mkubwa, kwa kuwa kila mtu anajua jibu linalopendeza. Waulizwe pia waliokuwa chini yake, maana ni wao wanaojua kama alikagua malindo saa nane za usiku au alituma mtu.