Kazi Toronto pia ni kujuana, lakini sio vile mnafikiria

Watu wangu wa Donholm na nyinyi mliobaki ofisini Upper Hill, Nairobi, mmeniuliza sana kama huku Kanada kazi inapatikana kwa makaratasi tu ama lazima uwe na mtu ndani. Wacha niseme ukweli, lazima ujuane na watu. Ila huyo mtu wa ndani hakupi kazi, anachoweza ni kutaja jina lako kwa bosi halafu intavyu unajipambania mwenyewe, na ukiharibu ni heshima yake inaenda, ndio maana hatamtaja mtu hajui kazi yake.

Kweli tangu Januari 2026 sheria ya Ontario, mkoa ambao Toronto iko, inakataza kampuni zenye wafanyakazi 25 na zaidi kuandika kwenye tangazo eti lazima uwe na uzoefu wa Kanada. Hiyo nimeifurahia sana, lakini haimzuii bosi kuanza na yule ametajiwa.

Sasa hizo meseji zenu za LinkedIn. "Hi, naomba kazi, CV hiyo hapo." Mtu afanye nini na hiyo jamani? Andika hivi: "Hujambo, mimi ni mhasibu Nairobi, nakagua hesabu za sacco, nimeona ulitoka ukaguzi ukaingia upande wa risk kwa benki, naomba dakika 15 za simu nikuulize ulihama aje." Hapo hujaomba kazi, umeomba kueleweshwa, na watu hupenda kuulizwa kuhusu kazi yao. Mkimaliza muulize ni nani mwingine unaweza kuongea naye, kisha baada ya wiki kadhaa mrudie umwambie ule ushauri wake umeufanyia nini. Wengi hawarudi, kwa hivyo ukirudi ndio mtu anaanza kukukumbuka.

Pia msihangaike na mabeshte wa karibu peke yao. Mark Granovetter, msomi wa sosholojia Marekani, alionyesha tangu 1973 kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu, huyo mtu walikuwa wanaonana mara moja moja tu, na inaeleweka, beshte wa kila siku anajua zilezile nafasi unazijua. Aliyenitaja mimi sio binamu wala mtu wa kanisa, ni dada tulikaa meza moja kwenye semina ya ICPAK, chama cha wahasibu Kenya, huko Mombasa, tukabadilishana namba tukawa tunasalimiana tu.

Kwa hivyo yule mlifanya naye kazi akahamia Kigali ama Dubai, mjulieni hali wiki hii bila kuomba chochote. Na ukitaka kuandikia mtu wa huku, nitumie hiyo meseji niisome kabla hujaituma.