Picha za Familia kwenye Seva ya Nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama kompyuta mpakato yako ya zamani inatosha kuendesha Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe, ili picha za familia zikae nyumbani, na kama ufungue mlango wake (port, njia ya kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta ili uzifikie ukiwa safarini. Kompyuta inatosha, tena betri yake, ikiwa bado inahifadhi chaji, itakufaa sana umeme unapokatika ghafla.

Mlango wa Nextcloud usiufungue. Anwani iliyo wazi kwenye intaneti hupapaswa usiku na mchana na mashine zinazotafuta udhaifu, nawe huwezi kukesha ukisasisha programu. Fungua mmoja tu, wa WireGuard, njia iliyosimbwa (VPN) ya kuunganisha simu yako na mtandao wa nyumbani na kuifikia Nextcloud, ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux: simu yako hupewa ufunguo wake, na asiye na ufunguo hajibiwi lolote, hata asitambue kwamba kuna kitu kinachosikiliza.

Ninalokusihi zaidi ni nakala rudufu. Niliwahi kusikia diski yangu ikigonga kwa mlio mdogo, nikadhani ni feni, na siku ya tatu picha zote za harusi ya dada yangu zikawa zimepotea. Nunua diski mbili za nje, uzisimbe kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa nenosiri), moja uiweke kwa ndugu anayeishi mbali nawe, kisha kila mwezi urejeshe picha chache kutoka kwenye nakala hiyo, uzifungue na kuzitazama kwa macho yako mwenyewe.