Chembe sahani 38,000 lakini mgonjwa havuji damu

Mkuu, umeuliza kama mgonjwa mwenye chembe sahani (platileti, chembe zinazosaidia damu kuganda) 38,000 kwa mikrolita, asiye na dalili yoyote, aongezewe chembe hizo. Msimwongezee bado; huenda idadi hiyo si ya kweli. Tandazeni damu hiyohiyo kwenye kioo, pakeni rangi, mwangalie kwa hadubini, hasa kingo na mkia wa mpako, maana mabonge ya chembe hujikusanya huko. EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande iliyo kwenye kichupa cha zambarau, huzifanya chembe za baadhi ya watu zishikamane, na mashine huliruka bonge au hulihesabu kama seli nyeupe.

Mkiyaona mabonge, chukueni damu upya kwenye kichupa cha bluu chenye sitreti (kizuia kuganda kingine, cha majimaji), kijae hadi mstarini, pimeni mapema, kisha zidisheni jibu kwa 1.1 kwa sababu sitreti imeizimua damu. Hesabu hii husahaulika mno! Sampuli ya kwanza ikiwa na donge la damu, itupeni tu.

Pasipo mabonge, ila chembe ni kubwa karibu sawa na seli nyekundu na kuna historia ya kuvuja damu, fikirieni Bernard-Soulier, ugonjwa wa kurithi wa chembe sahani. Ombeni kipimo cha ristosetini, kemikali ambayo kwa kawaida huzishikamanisha chembe: kwa ugonjwa huu hazitashikamana hata mkiongeza plazma ya mtu mwenye afya.