Anayeogopa chupa nzima, muuzie glasi

Wazalishaji wa waini wa Dodoma wakipewa kipaza sauti, wimbo huwa uleule: Watanzania hawana utamaduni wa kunywa waini, kwa hiyo waelimishwe. Mimi nauza vinywaji kwenye grosari hapahapa Dodoma, na watu ambao hawajawahi kununua waini nawaona kila wiki. Mtu anaichukua chupa rafuni, anaigeuza, anasoma bei, anairudisha taratibu kama vile hakuigusa, halafu anaelekea kwenye friji ya bia. Huyo hakukosa elimu. Amepiga hesabu. Kwa bei ya chupa ile anapata bia kadhaa, na bia anaijua. Waini akiifungua asiipende, hela imekwenda na wenzake mezani wamepata cha kumtania hadi mwisho wa mwezi. Anaogopa hasara, na anaogopa aibu. Ukimwondolea hayo mawili, kuonja ataonja mwenyewe bila semina.

Kabla sijaendelea, tuelewane tunamtafuta nani. Asiyekunywa kwa sababu ya dini, afya au uamuzi wake aachwe kwa amani yake, na aliye chini ya miaka 18 hayumo kabisa kwenye mazungumzo haya. Namzungumzia mtu mzima ambaye tayari Ijumaa jioni ana bia au toti ya Konyagi mbele yake. Yuko kwenye kiti changu tayari. Ninachotaka ni kwamba siku mojamoja aagize kitu kilicholimwa hapa Dodoma, Hombolo au Mpunguzi.

Msichanganye shida yetu na ya Wazungu. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo, OIV, lilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa hektolita milioni 214 hivi (hektolita moja ni lita 100), kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Mwaka 2023 Ufaransa ilitenga euro milioni 200 ili waini iliyokosa soko igeuzwe spiriti ya viwandani, na kule Bordeaux wakulima wakalipwa kung'oa mizabibu. Kwao babu alikunywa waini kila mlo na mjukuu ameiacha. Kwetu hakuna aliyeiacha, maana mezani haijawahi kukaa. Zabibu ndizo zinazojulikana: kila aliyepita Dodoma kwa basi ameona zikipandishwa dirishani kwenye mifuko na vikapu. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo katika nchi za baridi haliwezekani. Lakini abiria huyohuyo ukimuuliza waini ya Dodoma aliyowahi kuonja, atakutajia Dompo, na akiwa Mkatoliki au Mwanglikana ataongeza divai ya altareni, basi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni glasi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Mwenye baa hapendi kuuza kwa glasi kwa sababu anaona chupa iliyobaki nusu ikimchachukia, na hofu yake ni ya kweli: ikifungwa vizuri na kukaa kwenye friji, chupa ya kawaida ina siku tatu au nne za heshima. Baada ya hapo ni ya kupikia nyama. Dawa ni boksi. Zile za lita tatu na lita tano zina mfuko ndani unaosinyaa kadiri waini inavyotoka, hewa haipati nafasi, na kwenye friji zinakaa wiki kadhaa bila shida. Pale kwangu, kwa upande wa chupa, nimepanga bei ili glasi nne zirudishe gharama na faida kidogo. Ile ya tano naihesabu kama ya kuonjesha. Mteja anayeitazama chupa kwa wasiwasi namwekea kiasi cha vidole viwili kwenye glasi, bure, na sisimami juu ya kichwa chake kusubiri aseme nini. Naenda kuhudumia meza nyingine. Akiipenda ataniita, asipoipenda hajapoteza kitu na hajaonekana.

Wazalishaji, hapa ndipo pa kutusaidia. Badala ya kutuletea mabango na fulana, tupeni chupa ya kuonjesha kwa kila katoni chache tunazonunua. Bango halijawahi kumiminika.

Najua wapo watakaosema njia rahisi ni kutengeneza kipimo kidogo cha bei ya chini kabisa. Tulishaona kiroba, ile pombe kali ya kifuko. Kweli kilimfikia kila mtu, hadi mwanafunzi na dereva wa bodaboda saa mbili asubuhi, na Machi 2017 serikali ikakipiga marufuku. Kipimo kidogo ninachokitetea ni kile kinachonyweka kwenye glasi, umekaa kitini, mbele ya mtu anayeweza kukwambia imetosha.

La pili ni joto, na hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu halina gharama. Sisi ni taifa la kuuliza "ya moto au ya baridi?", na bia ya moto ina wapenzi wake. Waini haina huruma hiyo. Mtu fulani alisoma mahali kwamba waini nyekundu inywewe katika joto la chumba, akasahau kwamba chumba kilichosemwa kilikuwa cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Sinza, Dar es Salaam, mwezi Februari ni nyuzi 30 na zaidi. Katika joto hilo pua inapokea spiriti tu, ulimi unapokea ukali tu, na mnywaji mgeni anaamini hiyo ndiyo ladha ya waini. Iwekeni nyekundu kwenye friji nusu saa kabla ya kuimimina. Nyeupe ikae saa mbili au tatu. Mteja akitaka barafu ndani ya glasi, mpeni barafu na mnyamaze.

Tena mnyamaze zaidi inapokuja habari ya utamu. Karibu kila mgeni huanzia kwenye waini tamu, na karibu kila mjuzi humkemea. Nimekaa kwenye maonesho ya waini nikamsikia mwonjeshaji akimwambia dada mmoja kwamba anachopenda ni juisi, si waini. Yule dada aliweka glasi mezani na sikumwona tena pale ukumbini. Waini kavu nyekundu, hasa ya zabibu ya Makutupora ikiwa bado changa, ina ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Wapo wanaoupenda, nami ni mmoja wao, lakini si kitu cha kumkaribishia mtu. Anzeni na tamu, au nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc isiyo kavu sana, ambayo Dodoma inatoa nzuri. Anayetaka kuchanganya na soda pia achanganye. Msumbiji watu huchanganya waini nyekundu na Coca-Cola, wanaita catembe, na Wabaski wa Hispania, ambao waini hawakuianza jana, wana ya kwao waliyoipa jina la kalimotxo. Hakuna mzabibu uliokauka kwa aibu.

Chakula sitakizungumza sana, maana makala za "waini gani na chakula gani" zimejaa na nyingi zinahusu jibini ambayo sokoni Majengo haipo. Yatoshe haya: nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta yake inalainisha ukakasi wa nyekundu kavu, na hapo ndipo mtu wa bia huanza kuielewa. Samaki wa nazi mpe nyeupe. Pilipili ikiwa nyingi, waini kavu yenye nguvu itaiongeza moto, kwa hiyo mwenye kupenda pilipili mpelekee tamu iliyo baridi sana.

Nguvu sasa. Wauzaji wengi hawaisemi kwa kuhofia kuharibu biashara, na kwa kutoisema wanaiharibu. Bia nyingi zina kilevi cha asilimia tano hivi. Waini nyingi zina 12 hadi 14. Chupa moja ya waini ya asilimia 13 ina kilevi karibu sawa na bia nne za nusu lita. Mtu wa bia akiinywa kwa kasi aliyoizoea, asubuhi anaamka na kichwa cha kupasuka, na kuanzia siku hiyo anatangaza mtaani kwamba waini ya Dodoma "ina kichwa". Mteja huyo kumrudisha ni kazi ya miaka. Kwa hiyo namwambia mapema, kwa lugha ya mtaani: glasi hii ni kama bia nzima ya chupa ndogo, usiipige kwa mkupuo. Namwekea na maji pembeni. Na aliyekuja na pikipiki namwuzia chupa aende nayo nyumbani, siifungui.

Lakini sehemu ambayo naona tumeilalia kabisa ni harusi. Fikirini: ni wapi Mtanzania anaonja kinywaji kipya bila kutoa hela mfukoni siku hiyo, bila mtu wa kumcheka, akiwa amevaa vizuri na moyo mkunjufu? Ukumbini. Send-off, kitchen party, harusi, komunio, kipaimara, mahafali. Pale shampeni hufunguliwa kwa mbwembwe na MC, ukumbi mzima umesimama, na mara nyingi kilichomo ni juisi yenye mapovu. Waini nayo huwepo, na mkiitazama inavyotendewa mtasikitika. Kamati ya vinywaji imenunua ya bei ya mwisho kwa sababu bajeti imeliwa na kreti za bia. Katoni zimeshinda jua kutwa nyuma ya ukumbi. Kifungulio kimesahaulika, mhudumu anasukuma kizibo ndani kwa mpini wa kijiko, halafu anamimina kwenye glasi za plastiki hadi juu. Watu mia tatu wanaonja waini kwa mara ya kwanza, na wote mia tatu wanaonja kitu kibaya kilicho cha moto.

Mzalishaji angetuma kijana mmoja tu mwenye pipa la barafu na kifungulio, jioni hiyo ingemfaa kuliko tangazo la redio la mwezi mzima. Mimi nimeanza kuwafuata wajumbe wa kamati kabla hawajagawa bajeti, maana baada ya kugawa umechelewa. Nawaambia wapunguze kreti chache za bia, waweke chupa mbili za waini kila meza, nyekundu tamu na nyeupe, na mimi nitazileta zikiwa baridi saa ya chakula. Chupa isiyofunguliwa narudishiwa, hawailipii. Hilo la kurudisha ndilo linalowafungua, kwa sababu mweka hazina wa kamati ana woga uleule wa mteja wangu wa rafuni. Na chagueni chupa za kizibo cha kuzungusha. Kizibo cha gome kina heshima yake, lakini ukumbini ni adui.

Baada ya harusi, wanaokuja kuniuliza "ile ya siku ile ni ipi?" wengi ni kina mama. Wanaume huja pia, ila kwa chinichini, mara nyingi wakisema ni ya mke nyumbani. Bado tuna dhana kwamba waini ni ya kike, na matangazo yenyewe yanaikoleza: dada mwenye kucha nzuri, machweo, glasi ndefu. Sina tatizo na yule dada. Ila waini ya mezani ya kunywa na nyama choma mnaitangazaje bila hata mfupa mmoja wa mbuzi kwenye picha? Nilipohamisha chupa kutoka rafu ya juu kuziweka karibu na jiko la nyama, ndani ya pipa la barafu pamoja na bia, wanaume walianza kuagiza bila maelezo ya mke. Hakuna nilichowaeleza. Mahali pa chupa palitosha.

Jambo la mwisho ni la wale wanaouza pale mabasi yanapoegesha. Abiria wa Mwanza, Singida na Tabora wananunua zabibu kama zawadi, na nyingi hufika zimepondeka. Chupa haipondeki. Weka chupa pembeni ya kikapu, bandika karatasi inayosema kwa Kiswahili ni tamu au kavu, iwekwe kwenye friji muda gani, inywewe na chakula gani, basi. Usimsimulie mteja habari za mapipa ya mwaloni wakati dereva anapiga honi. Leseni ya vileo ni lazima, na maombi yake yanaanzia halmashauri, kwa hiyo anayetaka kuwahi mavuno ya Agosti na Septemba aanze kuifuatilia sasa.