Soma Mchoro wa Mashine Iliyofumuliwa Kabla ya Kushika Spana

Katika kazi yangu ya kutengeneza pampu na injini ndogo, ninachofungua kwanza ni ukurasa wa mwongozo wenye mchoro wa mashine iliyofumuliwa, yaani ule unaoonyesha vipuri vikiwa vimeachana, kila kimoja mbele ya mahali kinapoingia. Leonardo da Vinci alichora hivyo mashine ya kuinulia mizigo katika karne ya 15, upande mmoja ikiwa nzima na upande wa pili imetenganishwa, na kwa maoni yangu hadi leo hakuna mchoro unaomfaa fundi kuliko huo.

Anza na mistari ya vikato, yaani iliyokatikakatika, inayopita katikati ya vipuri. Hiyo ndiyo mihimili, na vipuri vilivyo kwenye mhimili mmoja huingia kwa mfuatano uleule uliochorwa. Ukiona washa mbili, yaani zile pete bapa, moja kila upande wa beringi, usidhani kwamba zinaweza kubadilishana nafasi. Tazama namba zake, kwa sababu zikitofautiana basi ni vipuri viwili tofauti, hata kama macho hayaoni tofauti yoyote.

Namba hizo za kwenye mchoro hukuelekeza tu kwenye jedwali la vipuri linaloambatana nao. Namba ya kuagizia kipuri imo ndani ya jedwali, pamoja na idadi inayohitajika, na muuza vipuri akiambiwa "nataka namba 14" hana la kukusaidia. Mpe pia namba ya mashine yenyewe, kwani viwanda hubadili vipuri bila kubadili jina la modeli. Vipuri vilivyozungushiwa kisanduku cha vikato, mara nyingi huuzwa kwa seti.

Mchoro huu hautakuambia nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani, na usipime kipuri juu yake kwa rula. Wala hauonyeshi hali niliyoikuta mashine, kwa hiyo mimi hupiga picha kwa simu kila ninapotoa kipuri: mchoro unaonyesha kiwanda kilivyokusudia, ilhali picha inaonyesha fundi aliyetangulia alivyoiacha. Vikipingana kuhusu mfuatano, ninafuata mchoro. Lakini nikikuta washa ya ziada isiyokuwemo kwenye jedwali, siitupi mpaka nipime uchakavu wa shafti, kwa sababu huenda iliwekwa makusudi ili kuziba nafasi iliyoachwa na chuma kilicholika.