Nnedi Okorafor: riwaya kwanza, katuni baadaye

Umeuliza kama mwandishi Nnedi Okorafor alianzia kwenye vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ndipo akaingia kwenye riwaya. Hapana, ndugu yangu, ni kinyume chake. Alizaliwa Marekani mwaka 1974, wazazi wake ni Waigbo kutoka Nigeria. Ujanani alikuwa mcheza tenisi hodari. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaamka miguu haisikii. Akiwa pale kitandani hospitalini ndipo alipoanza kuandika hadithi. Kutembea alijifunza upya, kalamu hakuiweka chini tena.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka 2005. Riwaya ya Who Fears Death ikampa tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, halafu kitabu cha Binti kikabeba Hugo na Nebula kwa pamoja, tuzo kubwa za hadithi za kubuni za kisayansi. Ndiyo, Binti, neno letu kabisa, ingawa mhusika mwenyewe ni Mhimba, kabila la Namibia.

Marvel walimpa aandike katuni za shujaa Black Panther na za dada yake, Shuri, baada ya hayo yote, na Shuri ilianza 2018. Lakini kwa maoni yangu katuni yake bora ni LaGuardia: daktari mjamzito anaingia New York akiwa amemficha mgeni wa sayari nyingine mwenye umbo la mmea. Ilishinda Hugo na Eisner, tuzo ya vitabu vya katuni, mwaka 2020. Nimeisoma mara tatu, na kila mara mambo ya mipaka na pasipoti yananichoma moyo.

Anza na Binti, ni fupi. Kisha LaGuardia.